Pasi ya Muheza

Nilikuja nayo kutoka Muheza, pasi hii,
nimeiviringa kwa kanga mbili katikati ya begi.
Afisa wa forodha aliigonga kwa kucha, akacheka,
akaniachia nipite.

Leo ni Winnipeg, ghorofa ya tatu, Januari.
Baridi imeshuka nyuzi thelathini chini ya sufuri,
kioo cha dirisha kimeota manyoya.
Kesho zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi
na shati la hoteli limekunjamana
kama karatasi iliyofungiwa maandazi.

Nachomeka. Plagi ya meno matatu ndani ya adapta,
adapta ndani ya ukuta.
Nasubiri. Nadondosha tone la maji:
halirukiruki, halisemi chwaa,
linakaa tu juu ya chuma
linanitazama.

Bwana Dalisay wa mlango wa pili anasema, imekufa, itupe,
dukani zipo za dola ishirini.
Imekufa?
Mie ninayekesha Jumanne na Alhamisi
darasani kwa Bi Oleksiuk, mwanafunzi wa umeme
mwenye miaka arobaini na mmoja,
nitangaziwe msiba na mtu ambaye hakushika hata mapigo?

Nachomoa. Naiacha ipoe. Natoa mita mkobani,
waya mwekundu jino hili, mweusi jino lile.
Omu arobaini na nane, pungufu ya unywele.
Ingekuwa imekatika ndani, mita isingepata la kusema.

Naigeuza. Kwenye kibati chake, herufi zimefutika nusu:
volti 240, wati 1200.
Nachukua bahasha ya bili ya umeme, upande wa nyuma,
naandika somo la Alhamisi
nilivyolifunga kwa mizani ili lisinitoroke:

*Volti gawa kwa mkondo, utapata ukinzani,*
*Volti zidisha mkondo, wati ziko mkononi.*

Kule kwetu, basi: wati elfu moja na mia mbili
kwa volti mia mbili na arobaini, ampea tano.
Volti zilezile gawa kwa tano: arobaini na nane.
Bahasha na mita zimepeana mkono.

Ukuta wa hapa unasukuma mia na ishirini tu.
Nusu. Nami nilitarajia nusu ya moto,
nusu ya shati, tuseme kola na mkono mmoja.
Mia na ishirini gawa kwa arobaini na nane:
ampea mbili na nusu.
Mbili na nusu mara mia na ishirini:
mia tatu.
Narudia. Mia tatu.
Wati mia tatu kati ya elfu na mia mbili,
si nusu, ni robo!
Kumbe ukipunguza msukumo, mkondo nao unanywea,
nusu inapanda mgongoni mwa nusu,
na kinachofika kwenye chuma ndicho hicho.

Nakaa kitandani kidogo.
Mwaka wangu wa kwanza hapa: Kiingereza nusu,
saa za kazi nusu,
na msimamizi akaandika kwenye fomu, *mzito*.
Siku ile sikuwa na bahasha.

Bi Oleksiuk alituambia mia mbili na arobaini zipo hata huku,
zimejificha nyuma ya jiko
kwenye soketi nene kama ngumi,
ila asiye na leseni asiiguse.
Leseni yangu, bado miezi kumi na minne.

Kwa hiyo nawasha jiko.
Maji kwenye sufuria, yakichemka
nayapunguza, nafuta kitako kwa kitambaa,
napiga pasi kwa sufuria:
kola, mkono, mkono wa pili, mgongo.
Shati linanyooka, linanukia mvuke na kitunguu cha jana.

Pasi ya Muheza iko dirishani, juu ya kanga yake.
Sijaitupa.
Naipima tena kabla ya kulala:
arobaini na nane.